Mwaka wa Picha Pacha

Nilisikia viatu kabla sijaona mtu. Nilikuwa ndani ya chumba cha giza, vidole vyangu vimo kwenye beseni la dawa, na huko nje, juu ya sakafu ya saruji ya studio, kulikuwa na kishindo cha raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali, vilivyovaliwa na mtu ambaye bado hajavizoea. Vilikwenda mpaka dirishani vikasimama. Vikarudi mpaka kwenye kiti vikasimama tena. Sikuweza kutoka, picha zingeungua kwa mwanga, kwa hiyo nilibaki nimeinama chini ya taa nyekundu, nikimsikiliza mtu nisiyemjua akizunguka mahali ambapo hapakuwa na wa kumpokea.

"Hodi," sauti ya kike ilisema hatimaye. "Hodi, wenyewe. Au studio hii siku hizi inajiendesha?"

"Karibu! Nasafisha picha, subiri kidogo. Kaa kwenye kiti."

"Nikikaa mimi, atakayesimama ni nani? Nimekuja kupigwa wawili."

Nilicheka peke yangu gizani. Ningekuwa na akili ya leo nisingecheka. Picha niliyompiga asubuhi ile ilimfanya akataliwe kwa mama wa mume wake, akiwa na mimba ya miezi mitano, na ikamfikisha mwenye studio, baba mdogo wangu, mahali pa kuchagua kati ya sifa yake ya miaka yote na makazi ya yule mwanamke.

Studio ilikuwa Mbeya, si mbali na soko, chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa kushoto na kijichumba cha giza nyuma. Baba mdogo aliipenda nuru ya dirisha lile kuliko taa yoyote. Pazia lake lilikuwa la kijivu, halikuchorwa maua wala maporomoko ya maji. Kiti kimoja, mkono mmoja juu ya kiti. "Tulia," alikuwa akimwambia mteja. "Usinitazame mimi. Mtazame yule atakayeitazama picha." Kazi yake ilijulikana kuanzia Mbalizi mpaka Chunya. Mtu aliweza kuishusha picha ukutani kwa jirani, akaigeuza, akaona muhuri wa zambarau nyuma yake, akaridhika. Muhuri ule hakuuchezea. Picha iliyotikisika hakuigonga, wala picha ambayo mtu amefumba macho. Aliichana na kumrudisha mteja kwenye kiti, hata nyakati ambazo karatasi za picha zilikuwa adimu kuliko sukari. Macho yaliyofumbwa aliyapiga kwa kazi moja tu, alipoitwa msibani kumpiga marehemu katikati ya ndugu zake kabla jeneza halijafunikwa.

"Nina picha za aina mbili," aliniambia nilipoanza kazi kwake. "Za waliofumbua na za waliofumba. Sizichanganyi."

Watu walimdhani mtu wa kale. Haikuwa kweli. Bugaluu zilipoingia, zile suruali zinazofagia njia, yeye ndiye wa kwanza Mbeya kusogeza kamera hatua mbili nyuma ili upana wa chini uonekane, wakati wenzake bado wanawakata watu kiunoni. Nywele za afro zilipofika, alipandisha pazia juu zaidi ili zisitoke nje ya kijivu. Aliyekuja na redio alipigwa na redio yake mapajani. Lakini wateja walipomwomba achore ndege kwenye pazia, ili mtu aonekane anapanda ngazi zake, alikataa. Nikamuuliza tofauti ya ndege na redio ni ipi.

"Redio ni yake," alisema. "Kaibeba kutoka nyumbani, ataibeba kurudi. Ndege nitampa mimi, na akitoka hapa nimnyang'anye. Mtu akija na jambo lake mwilini, mama, nalifuata. Akitaka nimzushie, nafikiri kwanza."

"Na wewe ukiwa unafikiri, wenzako wanapiga."

"Wapige. Kamera zao zina njaa."

Picha pacha nilikutana nayo Iringa, nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Barabara ya lami ilikuwa bado mpya na mitindo ilisafiri kwa malori. Madereva walibandika picha za wake na wachumba juu ya kioo cha mbele. Wakisimama Mafinga au Makambako kula, watu wanachungulia, na kabla ya mwezi kwisha kila mji wa njiani unataka kile kile. Pale Iringa, studio moja ya karibu na stendi ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Mtu aliingia mmoja akatoka wawili: amekaa, na amesimama nyuma yake mwenyewe. Mwingine anajipa mkono. Mwingine anajimiminia chai. Nami nilipigwa, nikijinong'oneza sikioni. Basi lilipokuwa likishuka ule mlima wa mji, niliitoa picha kutoka kwenye pochi na kuitazama, nikaona haya kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akizungumza peke yake. Lakini niliipenda. Niliitoa tena na tena mpaka Mbeya.

Baba mdogo aliitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza, akaangalia nyuma, akaigeuza tena.

"Yupi ni wewe?"

"Wote."

"Mmoja akiumwa kichwa, mwingine ndiye anameza kidonge?"

"Baba mdogo, ni mchezo. Watu wote wanajua ni mchezo."

"Watu gani?"

"Iringa nzima."

"Iringa nzima haitundiki picha zangu ukutani." Akanirudishia. "Halafu unasahau tunaishi na nani. Kwa wenzetu wa Rungwe mapacha si mchezo."

Nilijua alichokisema, ingawa sisi tulikuwa wageni, watu wa Iringa tuliohamia. Kwa Wanyakyusa, mapacha walipozaliwa, wazazi walitengwa na wenzao. Mganga wa mapacha aliitwa, ndugu wote wakanyweshwa dawa, na ndipo watu waliweza tena kula pamoja bila hofu. Ilikuwa hatari ya ukoo mzima.

"Hayo ni ya zamani," nilimwambia.

"Ya zamani yamehamia wapi?"

Nikamwonyesha dirisha. Studio ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imeshatundika picha pacha kwenye kioo chake, na Jumamosi benchi letu lilikaa tupu. Kupitia dirisha lile la kushoto niliwatazama wateja wetu wa zamani wakipanga foleni upande wa pili, wengine wakigeuza nyuso ili tusitambuane. Kila jioni nilimwambia, tutakufa njaa na ukweli wetu. Naye kila jioni alinijibu, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mtindo huu ukifika siku ya jembe tutauona kama ni wa kukaa. Nilimwona mkaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na niliamini kitu kinachopendwa na wengi hakiwezi kumdhuru mmoja.

Kisha karatasi zikapungua, akapanda basi kwenda Iringa kuzitafuta. Aliniachia ufunguo wa kabati lenye muhuri, kwa sababu kulikuwa na picha za vitambulisho zilizosubiri wenyewe. Kuhusu picha pacha hakuniambia lolote. Alidhani tulikwisha kulizungumza.

Siku ya pili ndipo zilipokuja zile raizoni.

Alikuwa mwanamke mdogo, pengine mdogo kwangu, gauni pana limeficha tumbo lakini mkono wake ukilirudia kila mara. Mume wake alikuwa dereva wa lori, wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani. Walipanga chumba Mbeya, lakini mtoto wa kwanza, alinieleza, lazima azaliwe Rungwe kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameomba picha yake tangu harusi.

"Nikae hapa, halafu nisimame nyuma nijishike bega," alisema.

"Kwa nini bega?"

"Sasa dada, mume akiwa safarini nani ananishika? Acha nijishike mwenyewe."

Tulicheka wote. Nilifunika nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, nikampiga amekaa. Nikahamishia karatasi upande wa pili, nikampiga amesimama, mkono ameuning'iniza hewani mahali ambapo bega lake lilikuwepo dakika moja kabla. Wakati ule wingu lilipita, dirisha likafifia. Niliona, lakini sikungoja lipite.

Kwenye beseni, aliyekaa alitokea kwanza, mweusi na mzima, akitabasamu. Yule wa nyuma alichelewa. Alikuja polepole, mpauko, kana kwamba alikuwa anatoka mbali zaidi. Mkono wake ulifika begani ukaishia hapo bila vidole, kama moshi. Na alikuwa amefumba macho.

Nilisimama nayo chini ya taa nyekundu, maji yakidondoka. Zilibaki karatasi nne. Nilijua la kufanya, nalo halikuhitaji zaidi ya mikono miwili na sekunde moja. Badala yake nilitoka nikamwonyesha.

"Aa! Huyu wa nyuma anasinzia!" Alicheka mpaka akakaa. "Maskini, kachoka kunilinda. Nipe hii hii."

"Naweza kurudia."

"Ya nini? Nipe. Na muhuri, dada, usisahau. Mama mkwe anaujua muhuri wenu. Bila muhuri atasema nimepigwa vichochoroni."

Nikafungua kabati. Nikagonga.

Mtindo wenyewe haukufika hata mvua za mwaka uliofuata. Watu walichoka kujiona, na studio ya ng'ambo ikarudi kuwapiga mmoja mmoja kama kila mtu. Lakini wale wawili mimi sijachoka nao, au wao hawajachoka nami. Mpaka leo nikipita mbele ya kioo cha duka mchana, naona mwanamke akitembea kando yangu kwa hatua zangu, na kabla sijajitambua natazama kwanza macho yake, kama yako wazi.

Baba mdogo alikuwa amerudi na karatasi zake, wiki mbili zimepita, alipoingia yule dereva. Hakusalimia vizuri. Aliiweka picha mezani.

"Mzee, mama yangu amemkataa mke wangu."

Alieleza akiwa amesimama. Alimpelekea mama yake picha ile kama zawadi. Mama aliifungua mbele ya wake wa wanawe wengine, akaitazama, akaiweka chini na kunawa mikono. Aliona wakwe wawili, na mmoja wao maiti. Alisema mimba ile ni ya mapacha na mmoja amekwisha kufa, sasa amemshika mama yake bega. Mke asikanyage pale mpaka mganga wa mapacha aitwe na ukoo wote unywe dawa. Ndugu zake yule dereva, watu wa kanisa, wakasema hawanywi dawa yoyote ya mganga. Basi hapakuwa na njia. Na mwenye nyumba yao Mbeya, naye mtu wa huko huko Rungwe, alikuwa amesikia, akawataka wahame kabla ya mwisho wa mwezi.

"Anazaa wapi, mzee?" dereva aliuliza. "Ndani ya lori?"

Baba mdogo hakuwa ameiona picha ile. Aliichukua, akaipeleka dirishani. Alimtazama aliyekaa kidogo tu. Yule wa nyuma alimtazama muda mrefu. Kisha akaigeuza.

"Umegonga muhuri," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Aliyefumba."

"Ndiyo."

Nilingoja anikemee. Alikwenda tu kuinjika maji ya chai, na akasahau kuweka majani, tukanywa maji ya moto yenye sukari, sote watatu. Asubuhi iliyofuata alifunga studio. Ilikuwa siku ya kazi, na sikuwahi kumwona akiifunga siku ya kazi isipokuwa kwa maziko.

Tulikwenda wanne, kwa lori la yule dereva, mke wake kati yangu na baba mdogo. Tulipovuka mlima mvua nyembamba ilianza, na migomba ikaja mpaka pembezoni mwa barabara. Yule mwanamke hakutania tena. Mara moja tu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, wakati unanipiga, uliona kitu?"

"Niliona wingu," nilimwambia.

Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili.

Nyumba ilikuwa ya matofali, safi, ua umefagiwa. Mke alibaki chini ya migomba kama alivyoagizwa, na mume akabaki naye. Mama mkwe alitupokea sebuleni, mwanamke mrefu aliyevaa kanga mbili zilizopigwa pasi. Alitupa viti na maziwa ya mgando. Ukutani juu ya kichwa chake, ndani ya fremu yenye kioo, kulikuwa na picha ya mwanamume wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote, mkono juu ya kiti. Pazia la kijivu. Nuru kutoka kushoto. Nilimwona baba mdogo akiitambua.

"Ndiwe mwenye muhuri?" mama aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Mzee wangu ulimpiga mwaka mmoja kabla hajafa. Alirudi akisema umemsimamisha mpaka miguu ikafa ganzi."

"Nakumbuka. Alikuwa hataki kutulia."

"Hakutulia popote." Nusura atabasamu. Kisha akaichukua picha pacha, ambayo baba mdogo alikuwa ameiweka mezani, akiishika kwa ncha ya kanga. "Na hii?"

Baba mdogo alieleza yote, ile karatasi nyeusi, nusu ya lenzi, kukaa, kusimama. Alitoa hata filamu yenyewe akainyanyua kwenye mwanga. Mimi nilisema kwamba nilipiga mimi, na kwamba aliyesimama alipepesa macho tu. Mama alisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mtoto anayejitetea.

"Kwa hiyo kamera yako imesema uongo."

"Imechezewa, mama."

"Sikiliza, mpiga picha. Unajua kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hata jina lake halitaji. Huyu binti ameolewa mzee ameshalala. Lakini kila akipita hapa," akaonyesha ukutani bila kugeuka, "anageuza uso na kuinama. Kwa picha! Hakuna aliyemwambia. Na mimi asubuhi nikifungua dirisha namsalimia mzee, na siku nikikasirika namnyima salamu. Sasa unakuja kuniambia hii ni karatasi na ujanja. Sawa. Na ile?"

"Ile ni kweli. Alikaa mbele yangu."

"Na binti hakukaa mbele ya kamera?"

"Alikaa."

"Muhuri si ule ule?"

"Ni ule ule."

"Basi usinichagulie." Sauti yake haikuwa ya hasira. "Muhuri wako ukisema kweli, aliyefumba macho yuko, na binti hataingia. Ukisema uongo, aingie leo. Lakini uwe uongo kotekote. Siwezi kulala nyumba moja na nusu ya neno lako."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Baba mdogo aligeuka, akatazama nje kule kwenye migomba, ambako yule mwanamke alikuwa amesimama na jani kubwa la mgomba juu ya kichwa, mume wake akilishika upande mmoja. Nilitaka aseme kitu cha katikati. Alikuwa na maneno mengi ya katikati, alinilea kwa hayo. Nilitaka aseme kosa ni la huyu mtoto wa kaka yangu, mchukueni yeye, niachieni muhuri wangu.

"Ni uongo, mama," alisema.

"Kotekote?"

"Kotekote."

Mama aligeukia ukuta. Kisha akasimama, akapanda juu ya kigoda bila kukubali msaada wangu, akaishusha ile fremu. Ukuta nyuma yake ulikuwa na mraba mweupe. Aliufuta vumbi uso wa mume wake kwa pembe ya kanga, akamwambia maneno machache ya Kinyakyusa ambayo sikuyaelewa na sikuyauliza, akamkabidhi baba mdogo fremu kwa mikono miwili. Picha pacha akaiweka juu yake.

"Ndaga fijo," alisema, asante sana, kama mtu anayemshukuru mpagazi.

Akatoka kizingitini, akaita. Yule mwanamke alikuja mbio chini ya mvua, akasita mlangoni, akaingia ameinama, uso ameugeuza upande wa pili wa ukuta kama alivyozoea.

"Inua kichwa, mama," mkwe wake alimwambia. "Hakuna mtu pale."

Aliinua kichwa taratibu. Akautazama ule mraba mweupe, akamtazama mama mkwe, akaanza kulia, na mama mkwe akamvuta kifuani kwa mkono mmoja huku kwa mwingine akisukuma mlango tupite. Baba mdogo alitoka mbele, picha zote mbili kifuani chini ya koti zisilowe. Nilimfuata mvuani, na mlango ukafungwa nyuma yetu.